Vichwa Kumi na Viwili vya Ziwa Siki

Vijana wa kanisa letu hapa Columbia, Maryland, mmeniomba niandike kurasa mbili kuhusu kazi niliyoifanya kabla ya kustaafu. Kurasa mbili, wanangu? Mimi nikianza kusalimia tu, kurasa mbili zimekwisha na bado sijauliza habari za wazazi. Kwa hiyo nimejiongezea nafasi kidogo. Naandika kwa Kiswahili, nyinyi mtanijibu kwa Kiingereza kama mnavyofanya kila Jumapili, na tutaelewana kama tunavyoelewana kila Jumapili.

Najua wengi wenu mnadhani nilikuwa nauza samaki. Neema, binti yangu, alipokuwa mdogo alijaza fomu ya shule, na pale pa kazi ya baba akaandika kwamba anaendesha samaki. Hakukosea sana. Kwa miaka ishirini na saba niliendesha lori lenye tangi la maji mgongoni, na ndani ya maji hayo mlikuwa na abiria ambao hawajawahi kunishukuru hata mmoja. Nilikuwa nawapeleka kwenye maziwa na vijito ambako ndugu zao walikwisha kufa wote.

Walikufa kwa mvua. Hapa naomba mkae vizuri, maana sehemu hii sitanii, au nitatia chumvi kidogo tu. Zamani mitambo ya umeme ya upande wa magharibi ilichoma makaa ya mawe bila kupumzika. Moshi ukapanda, upepo ukauleta huku, ukachanganyika na mawingu, mvua ikawa inanyesha na asidi ndani yake. Kwenye udongo mzuri hakikuonekana kitu. Lakini kule milimani magharibi mwa Maryland, mwendo wa saa tatu kutoka hapa Columbia, ardhi ni mwamba wa mchanga mtupu, haina chokaa ya kuituliza hiyo asidi. Maji yakachacha. Kulikuwa na ziwa moja dogo ambalo kwenye ramani lina jina zuri tu, lakini sisi kazini tuliliita Ziwa Siki. Nilikuwa nawaambia wageni kwamba ukikata nyanya na vitunguu ukavichovya humo, umeshapata kachumbari.

Na lilikuwa zuri, ndiyo ajabu yake. Ziwa lililokufa kwa asidi halinuki, halina povu, halina tope. Linang'aa kama kioo, unahesabu kokoto za chini, kwa sababu hakuna kinachoishi humo cha kulichafua. Siku ya kwanza kuliona nilisema, Mungu wangu, maji safi namna hii sijapata kuyaona. Mzee Earl, aliyekuwa bosi wangu, akanitazama kama mtu aliyenisikia nikisifia marehemu kwamba amependeza.

Huyo Earl ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mzaliwa wa huko huko milimani, mrefu kama nguzo ya simu na mwenye maneno machache kama nguzo hiyo hiyo. Alipokuwa na miaka minane, yeye na baba yake walivua kwenye ziwa lile. Walivua trauti wa kijito, samaki wa maji baridi mwenye madoa mekundu yaliyozungushiwa buluu, utadhani mtu amekaa akamchora mmoja mmoja. Earl alipofika umri wa kuoa, samaki walikuwa wamekwisha. Mimi naamini aliingia kazi hii kwa ajili ya ziwa moja tu, na hayo mengine yote aliyoyatibu yalikuwa njiani.

Mimi ni mtu wa Kongwa, Dodoma. Kwetu samaki tulimjua akiwa mkavu ndani ya gunia, ameshaondolewa kila kitu kinachomfanya awe samaki. Kuogelea siwezi mpaka leo. Hata beseni likijaa sana naita watu. Nilipofika Washington niliosha vyombo kwenye mgahawa pale Shaw, na jioni nikasoma chuo cha jioni, miaka saba kwa cheti ambacho wengine hukichukua kwa miwili. Nilisinzia kwenye masomo yote isipokuwa kemia, kwa sababu mwalimu wa kemia alikuwa analipua vitu. Basi kemia hiyo ndiyo iliyonipa mkate. Siku ya usaili Earl aliniuliza maswali mawili. Asidi inatulizwa na nini? Nikasema chokaa. Na unajua nini kuhusu samaki? Nikamwambia ukweli, sijui kitu. Akasema vizuri, basi hutakuwa na cha kusahau.

Wiki ya kwanza nikajua chokaa ni nini. Dawa ya ziwa kama lile ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, unayamwaga kwenye kijito kinachoingia ziwani, ili mvua ikinyesha maji yapite kwanza juu ya chokaa. Mengine husagwa laini kama unga wa sembe. Earl alinionya nisisimame upande ambao upepo unaelekea. Mimi, kwa kuwa nilikuwa msomi wa chuo cha jioni, nilijua upepo unatoka wapi. Lori lilipoinua bodi, nikatoweka. Waliokuwepo wanasema lilitoka wingu, na ndani ya wingu mtu anakohoa kwa Kigogo. Nilipojitokeza nilikuwa mweupe kuanzia kope mpaka kamba za viatu. Earl akanizunguka, akanikagua mbele na nyuma, akasema, "Mwaka wa nane tu nchini, na tayari umekuwa mwenyeji."

Tukapita dukani kununua kahawa nikiwa vile vile. Muuzaji hakuniuliza lolote, alinipa tu glasi ya maji na kiti.

Kosa la pili halikuwa la kuchekesha, kwa samaki angalau. Wanangu, samaki hatupwi majini kama kokoto. Maji ya tangi yana joto lake na ukali wake, na ya ziwa yana wake. Mimi mara ya kwanza kupewa lori peke yangu nilifika, nikafungua bomba, nikawaaga kwa mkono. Nusu yao wakapinduka matumbo juu. Wengi walizinduka baadaye, wachache hawakuzinduka, na wale wachache nawakumbuka kwa sura. Nilipomwambia Earl, hakufoka. Aliniambia nivue viatu na soksi nisimame kijitoni. Ulikuwa mwezi wa Machi, theluji ikiwa bado ukingoni. Niliingia na kutoka kwa hatua ile ile moja.

"Na wewe una kilo themanini," akasema, "na umeambiwa kabla."

Tangu siku hiyo nilifuata utaratibu kama sala. Unapima joto la tangi, unapima la ziwa. Unachota maji ya ziwa unayaingiza kwenye tangi kidogo kidogo, unasubiri, unapima tena, unaongeza, unasubiri. Nusu saa, saa nzima, inategemea. Watu watakuuliza mbona unakaa tu. Waache wakuulize. Na kabla ya kumshika samaki lowesha mikono yako, maana mkono mkavu unamwondolea ute, na ute ndio ngozi yake ya nje. Ukimwondolea anaingiliwa na kila ugonjwa. Nikiona mtu kwenye picha amemshika samaki kwa taulo, mpaka leo napandwa na presha.

Halafu kuna lile pezi. Kila samaki tuliyempeleka Ziwa Siki tulimkata kwanza pezi moja dogo, lile laini la mgongoni karibu na mkia, saizi ya ukucha wa mtoto. Hana kazi nalo kubwa na likikatwa halioti tena. Kwa hiyo ukija kumkamata baadaye, unapapasa kwa kidole gumba. Pakiwa patupu, huyo tulimleta sisi kwa lori. Pezi likiwepo, huyo kazaliwa humo humo majini, na ziwa limepona. Mimi nimekata mapezi mangapi? Nikisema milioni Neema atanisuta, basi tuseme laki tisa. Na kila ziwa lilipokaguliwa nilipapasa. Kidole changu gumba hiki kina uzoefu kuliko profesa yeyote wa chuo kikuu pale College Park.

Sasa niwasimulie habari ya vichwa, maana najua ndiyo mnayoisubiri, na Mama Kuria ameshaanza kuieneza kwa namna yake.

Kanuni ni kwamba ziwa halipelekewi samaki kabla ya majaribio. Unawaweka samaki wachache kwenye vizimba vya waya, unavizamisha, unavifunga kwa kamba kwenye mti, unaondoka. Baada ya wiki unarudi kuhesabu walio hai. Kinachopimwa hasa ni mvua. Siku za kawaida maji yanaweza kuwa mapole, ila mvua kubwa ikinyesha inasukuma asidi yote ya milimani kwa mkupuo. Asidi hiyo inakwangua aluminiamu kutoka kwenye udongo, na aluminiamu ikifika kwenye matamvua, yale mapazia mekundu ya shavuni ambayo samaki anapumulia, yanavimba, yanajaa makamasi, samaki anakosa hewa akiwa majini.

Ziwa Siki lilikuwa limefeli majaribio mawili. Ofisi kuu ikatuandikia kwamba hili la tatu ni la mwisho. Wakifa, ziwa linafutwa kwenye orodha, chokaa na samaki vinapelekwa kwingine. Na Earl alikuwa anastaafu mwaka ule. Tulipovizamisha vizimba Jumatatu ile, viwili, samaki sita sita, saizi ya kiganja na vidole vyake, alivifunga kamba mwenyewe, akaikaza, akaikaza tena. Alhamisi ikanyesha mvua ya kutisha. Tulipangiwa kurudi Jumatatu kuhesabu.

Na hapa lazima nikiri kosa langu, maana lilikuwa langu, si la mtu mwingine. Nilikuwa nimewasifia watu wa kanisa ziwa lile miaka mingi. Kwa maneno yangu, nilikuwa nikipiga mluzi samaki wanakuja. Jumapili ya kabla ya majaribio nikasimama kwenye matangazo nikawakaribisha wote Jumamosi inayofuata, tukatembee milimani, tule huko. Nikamalizia, nayakumbuka maneno yangu yote: "Na samaki wapo, nimewaandalia mwenyewe, wanawasubiri majini." Nilitaka kusema kwamba mtawatazama. Sikusema.

Mwenyekiti wa jiko la kanisa alikuwa Mama Kuria, na bado ni yeye. Ni Mkenya wa Murang'a, kazi yake kuhudumia wazee majumbani. Kama nyinyi hamumjui, yeye anawajua. Kwao kama kwetu, nyama ni mbuzi, na samaki ni jambo la kusikia. Akipika samaki anampika kwa kanuni za mbuzi. Dada zetu wa Mombasa walikwisha kumwambia mara nyingi kwamba samaki anatolewa matamvua, vinginevyo mchuzi unakuwa mchungu. Yeye huwajibu kwamba Mungu ndiye aliyemtengeneza huyo samaki, hakumwekea kitu cha kutupa.

Basi Jumamosi tukafika, magari saba. Niliwachukua wanaume na watoto nikawapandisha kijito kuwaonyesha mchanga wa chokaa, nikawahutubia. Hotuba ilikuwa fupi, hata saa moja na nusu haikufika. Kina mama walibaki kuwasha mkaa. Tulipokuwa tunarudi nikasikia harufu ya kukaanga, nikafurahi. Nilidhani ni kuku.

Mama Kuria akanipokea na sahani.

"Baba Neema, kuja uonje. Hawa samaki wako wako fiti."

"Samaki wangu wepi?"

"Si wale uliweka kwa maji, ndani ya kale kasanduku ka waya? Nikaambia hawa kina mama, mnaona huyu mzee vile amejipanga? Ametuwekea kwa baridi ndio wasiharibike."

Nikatazama mtini. Kamba ya Earl ilikuwa imefunguliwa vizuri kabisa, imekunjwa, imewekwa juu ya jiwe. Vizimba vilikuwa vimeoshwa na kuanikwa juani.

"Mama Kuria," nikasema, "wote?"

"Wote kumi na wawili. Ulitaka tubakishe, uone ni kama hatukupenda?"

Kwetu mgeni akikuta mwenyeji amehangaika kuandaa, hakai kumtazama. Anainuka, anashika kisu, anamalizia. Walikuwa wamenifanyia heshima. Na mimi ndiye niliyetangaza. Nilikaa chini kwenye majani. Mke wangu, Mama Neema, aliyekuwa amelala garini na kuamka wakati huo huo, alinitazama usoni, akatazama vizimba, akarudi garini.

Nilianza kufikiri kama msomi. Kwenye fomu ya majaribio kuna mahali pa sababu ya kifo: asidi, joto, fisi maji, haijulikani. Fisi maji ni mnyama wa huko, mla samaki hodari, anaweza kupasua kizimba. Nikasema moyoni, fisi maji. Fisi maji arobaini kutoka Columbia. Nilikuwa napanga namna ya kukunja ule waya uonekane umepasuliwa, ndipo nikasikia pikapu. Earl. Hakuweza kuisubiri Jumatatu.

Alishuka, akaona magari saba na watu arobaini, na kabla hajaniuliza lolote Mama Kuria alikuwa ameshamfikia. Aliona mvi, akaona mzee. Akamkalisha kwenye kiti pekee chenye mgongo, akamletea maji ya uvuguvugu akamnawisha mikono. Earl ananawishwa, macho yake yako kwenye ule mti. Halafu Mama Kuria akaenda kwenye sanduku la barafu akarudi na kopo kubwa la aiskrimu, akampa kwa mikono miwili, akaniambia nimweleze kwamba kwetu kichwa ni cha mzee, na yeye amemwekea vyake aende navyo nyumbani, apikiwe supu.

Nilitafsiri. Earl akafungua kifuniko akitegemea aiskrimu.

Vichwa kumi na viwili vikamtazama.

Nikafungua mdomo niseme fisi maji, na kwa neema ya Mungu ukatoka ukweli wote, matangazo ya kanisani na kila kitu, mpaka na mambo ambayo hakuniuliza, kwamba niliwahi kugonga nyuma ya lori nikasingizia kulungu. Earl alinisikiliza. Kisha akaniomba miwani yake iliyokuwa garini, akaloweka vidole kwenye barafu iliyoyeyuka, akachukua kichwa kimoja, akafunua shavu.

Matamvua yote yalikuwemo. Mtu wa Mombasa, mtu wa Kigoma, mtu yeyote anayejua samaki angekwisha kuyatupa porini. Yalikuwa mekundu kama yamepakwa rangi. Hakuna uvimbe, hakuna makamasi. Akachukua cha pili, cha tatu, mpaka cha kumi na mbili, akivipanga magotini kwa safu. Watoto wakamzunguka. Kuna waliodhani ni mganga.

Akainua kichwa, chake yeye, akamuuliza Mama Kuria kama samaki walikuwa hai alipowatoa.

"Hai?" Mama Kuria akasema. "Mmoja alinichapa kofi. Angalia hii kilemba yangu." Na akamwonyesha, bado kilikuwa kimelowa.

"Wote?"

"Mzee, kwani mimi naweza pikia watu kitu imekufa yenyewe?"

Hiyo nilimtafsiria neno kwa neno. Earl akavirudisha vichwa kwenye kopo kimoja kimoja. Walipita ile mvua ya Alhamisi, akasema polepole, kama mtu anayejisomea barua. Halafu akaomba sahani.

Mama Kuria akampa samaki wa kukaanga, nyanya na dania juu. Earl akala. Alitafuna kwa muda mrefu akitazama maji, sisi wote tukimtazama yeye. Alipomaliza akasema baba yake alikuwa anatumia siagi. Akaomba wa pili, akaeleza kwamba kisayansi sampuli moja haitoshi.

Fomu aliijaza mwenyewe. Waliowekwa, kumi na wawili. Waliopona mvua, kumi na wawili. Kwenye sababu ya kifo akapita asidi, akapita fisi maji, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: KUKAANGWA. Ofisi kuu walipiga simu mara tatu kuuliza kama ni kosa la uchapaji. Mwishowe maabara wakadai ushahidi, na ushahidi ulikuwepo, kwenye friza ya mke wa Earl, ndani ya kopo lile lile la aiskrimu. Aliyelia katika habari hii yote ni mke huyo wa Earl peke yake, kwa sababu alilifungua kabla ya kuambiwa.

Ziwa Siki likabaki kwenye orodha. Majira ya kuchipua yaliyofuata tulipeleka lori la kwanza, na Earl, japo alikuwa amestaafu, ndiye aliyefungua bomba, baada ya saa nzima ya kupima na kusubiri. Na tangu hapo kila kizimba tulichozamisha popote Maryland kilikuwa na kibao, Kiingereza juu, na chini Kiswahili: HAWA SI CHAKULA. Wenzangu waliniuliza mara nyingi kwa nini tunahitaji Kiswahili milimani. Niliwaambia ni kanuni.

Msidhani basi mambo yakaisha. Samaki mkubwa anaweza kuvumilia maji ambayo yai lake haliwezi. Kila mwaka walikua, wakanenepa, wakataga, na kila mwaka theluji ilipoyeyuka asidi iliyobaki ikaua mayai. Tukaongeza chokaa. Tukapeleka wengine. Kila vuli niliingia majini na suruali ya mpira inayofika kifuani, nikiwa nimefungwa kamba kiunoni kwa sababu ya kutojua kuogelea, nikakamata, nikapapasa. Patupu. Patupu. Miaka kumi na kitu, patupu.

Siku hizi vijana waliochukua kazi yangu wanateka chupa moja ya maji wanaipeleka maabara, na maabara inawaambia ni samaki gani wamepita humo, wakubwa kwa wadogo, kama mlinzi wa geti. Ni ajabu, na siwaonei wivu, isipokuwa mwili wangu wote kuanzia kwapani kwenda chini. Lakini chupa haitawaambia huyu kazaliwa wapi. Hilo bado linataka kidole gumba.

Earl naye akazeeka kweli kweli. Mkewe alifariki, macho yakafifia mpaka akawa anaona mwanga na vivuli tu, binti yake akamleta akae naye hapa Columbia. Wakaomba mhudumu wa kuja mchana. Kengele ikalia, na kabla mhudumu hajajitambulisha Earl akaisikia sauti, akamwambia binti yake akafunge friza. Alikuwa Mama Kuria.

Kwa hiyo nilipofanya ukaguzi wangu wa mwisho Ziwa Siki, wiki ya kustaafu, walikuja wote wawili. Mama Kuria alimkalisha mzee kwenye kiti chenye mgongo ukingoni, akamfunika blanketi. Mimi nikaingia majini kamba ikiwa kiunoni. Wa kwanza, patupu. Wa nne, patupu. Wa tisa alikuwa mdogo, urefu wa kidole changu cha kati na nusu yake. Nikalowesha mkono, nikapapasa. Nikapapasa tena. Nikajiambia ni baridi, vidole vimekufa ganzi. Nikabadilisha mkono.

Nilimtia kwenye ndoo ya maji nikatoka. Niliweka ndoo mbele ya Earl nikamshika mkono. Akaelewa. Alichovya mikono yote miwili kwanza, akailowesha vizuri, kisha akamkusanya yule samaki kwenye kiganja, taratibu, na kidole gumba chake kikasafiri mgongoni kuelekea mkia, kikafika kwenye lile pezi dogo, kikasimama. Kikakaa hapo.

Akauliza, "Mama Kuria yuko wapi?"

"Niko hapa nyuma yako, mzee."

"Kikaango kiko wapi?"

"Kimebaki kwa gari."

"Basi kibaki huko huko."

Mama Kuria akaichukua ndoo, akanikatalia nisimsaidie, akashuka nayo mpaka majini. Nikamwona akichuchumaa, akachota maji ya ziwa kwa kiganja, akayamimina ndani ya ndoo kidogo, akasubiri. Akachota tena, akasubiri. Alikaa hivyo nusu saa nzima magoti yakimuuma, jinsi alivyonisikia mara mia nikieleza kanisani. Yalikuwa maji yale yale ya ziwa, ndani ya ndoo na nje ya ndoo. Nilijua, Earl alijua, hakuna kati yetu aliyemwambia.